Uzito Uliopumzishwa Juu ya Stuli

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa muuguzi wa wodi ya mifupa, niliingia zamu ya mchana wakati wa kutazama wagonjwa nikakuta uzito wa kilo 7, uliopaswa kuning'inia miguuni pa kitanda cha kijana aliyevunjika paja, umewekwa kwa uangalifu juu ya stuli, kamba yake imelegea, na mama wa kijana ameketi kando akikunja shuka. "Sista, nimempumzisha kidogo," aliniambia kwa sauti ya mtu anayejua ametenda wema. "Tangu asubuhi kitu hicho kinamvuta tu. Hata punda hutuliwa mzigo."

Kijana mwenyewe alikuwa amekaza meno, paja limekuwa gumu kama gogo. Nilipoushusha uzito, nikiushika kwa mikono miwili ili kamba isikaze kwa ghafla, aliguna kwa dakika kadhaa kabla hajatulia. Nikamweleza mama kwamba mfupa wa paja ukivunjika, misuli mikubwa inayouzunguka hukosa nguzo ya kuizuia, nayo hujikaza na kuvuta vipande vya mfupa hadi vipitane. Kwamba mvuto huu mdogo usiokatika ndio unaoichosha misuli hiyo mpaka ilegee. Na kwamba nusu saa ya kuupumzisha uzito inatosha misuli kujikaza upya, deni ambalo mwanawe amelilipa kwa maumivu tulipoushusha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Haya, mzigo unavuta mguu. Na yeye anazuiwa na nini asivutwe mwili mzima?"

Ni swali ambalo mwalimu wetu chuoni alilipitia kwa sentensi mbili, nami nililijibu siku ile kwa sentensi mbili hizo hizo, nikionyesha matofali yaliyoinua miguu ya kitanda upande wa chini. Tangu hapo nimelibeba swali la mama yule kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji ninakofanya kazi sasa, na sijaona kifaa cha mifupa, kiwe cha kuvuta, cha kushikilia au cha kumlaza mgonjwa, ambacho hakidai jibu lake. Nguvu ikiingia mwilini mahali pamoja, lazima izuiwe mahali pengine, na mara nyingi ni pale inapozuiwa ndipo panapoumia.

Kwa traksheni ya kitanda, yaani huko kuvuta mguu kwa kamba na uzito, kizuizi ni mwili wenyewe. Upande wa miguu wa kitanda ukiinuliwa, uzito wa kiwiliwili huelekea kichwani, nao hupingana na ule unaoning'inia kwenye kapi. Vitabu vya zamani vilitupa kanuni ya kuinua kitanda takribani sentimita 2.5 kwa kila nusu kilo ya uzito, kanuni ambayo kwa kilo 7 inafika sentimita 35, na yeyote aliyewahi kulala akiwa ameinamishwa kiasi hicho atakuambia kwamba damu inavyojaa usoni ni mateso ya namna yake. Kwa hiyo tulikuwa tukiinua kwa kiasi ambacho mgonjwa angeweza kuvumilia, kisha tukamchunga asiteleze. Matofali yakisahaulika baada ya kufagia, mgonjwa huteleza taratibu hadi wayo wake uguse chuma cha kitanda, na kuanzia hapo uzito unavuta kitanda, haumvuti mtu. Ukipita mlangoni utaona kila kitu kiko mahali pake. Lazima uinamie kamba kwa mkono wako: fundo limekwama kwenye kapi, blanketi limelalia kamba, uzito umegusa sakafu. Makosa haya matatu nimeyakuta mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nikiyatafuta kabla hata ya kusalimia, tabia ambayo wagonjwa walinilalamikia, na walikuwa na haki.

Jinsi ya kuushika mguu wenyewe ni suala jingine. Njia nyepesi ni kupitia ngozi, kwa utepe wa kunata au sponji iliyozungushiwa bandeji, njia ambayo daktari Mmarekani Gurdon Buck aliieneza mwaka 1861 na bado inaitwa kwa jina lake. Ubaya ni kwamba ngozi haikuumbwa kubeba mzigo. Ukizidisha takribani kilo 5 kwa mtu mzima, utepe huanza kuteleza au ngozi hutoa malengelenge, na kwa mzee ambaye ngozi yake imekuwa kama karatasi hata kilo 3 zinaweza kuwa nyingi mno. Kwa mzigo mkubwa zaidi huhitajika chuma kinachopita ndani ya mfupa. Daktari Mswisi Fritz Steinmann alikieleza chake mwaka 1907, na miaka miwili baadaye Martin Kirschner akaja na waya mwembamba zaidi. Kwa mfupa uliovunjika pajani, chuma hupitishwa mara nyingi chini ya goti, takribani sentimita 2.5 chini na nyuma ya lile nundu la ugoko unaloweza kulipapasa kwa kidole, kikiingia upande wa nje na kutokea upande wa ndani. Mwelekeo huo una sababu: upande wa nje ndiko inakopita neva ambayo tutairudia hapa chini, na daktari anayekipitisha huwa na uhakika zaidi wa mahali anapoingilia kuliko anapotokea.

Wagonjwa wengi huogopa chuma na kuupenda utepe. Uzoefu wangu ni kinyume. Baada ya siku mbili za mwanzo, mwenye chuma kilichowekwa vizuri hulala usingizi, ilhali mwenye utepe huita kila saa kwa sababu kisigino kinawasha, bandeji imebana au imelegea. Chuma kina hatari yake kubwa, ambayo ni usaha kwenye tundu lake, na ndiyo maana kila siku tulikuwa tukitazama wekundu, majimaji na kama chuma kimeanza kucheza.

Kuna njia ya tatu ya kulijibu swali la mama, nayo haitumii kitanda wala matofali. Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool aliyefariki mwaka 1891, alibuni gango lenye pete ya ngozi inayokaa juu kabisa ya paja na vyuma viwili virefu vinavyoteremka hadi kupita wayo. Mguu hufungwa kwenye ncha ya vyuma na kuvutwa, na pete huegemea mfupa wa kukalia, hivyo mvuto na kizuizi vyote vimo ndani ya kifaa kimoja ambacho mgonjwa anaweza kubebwa nacho kwenye machela. Thomas alilikusudia hasa kwa magoti yaliyoliwa na kifua kikuu. Mpwa wake, Robert Jones, ndiye aliyelipigania litumike kwa askari waliovunjika mapaja katika Vita Kuu ya Kwanza, na takwimu inayorudiwa tangu wakati huo husema vifo vya majeruhi wa aina hiyo vilishuka kutoka takribani asilimia 80 hadi chini ya asilimia 20. Mimi huitaja takwimu hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo madaktari walijifunza pia kusafisha vidonda mapema na kutibu mshtuko wa kupoteza damu, na gango peke yake haliwezi kudai sifa yote. Hata hivyo ukikumbuka kwamba paja la mtu mzima linaweza kumeza zaidi ya lita moja ya damu bila tone kuonekana nje, na kwamba kila mtikisiko wa machela hurarua nyama upya, utaona kwa nini kulituliza paja mahali pa ajali kulikuwa na uzito mkubwa kuliko mengi yaliyofuata hospitalini.

Pete ile ile ndiyo kero ya gango hilo. Hukaa kwenye kinena, mahali penye jasho na mkojo, na ikiwa ndogo kidogo hukata, ikiwa kubwa kidogo hupanda na kubana sehemu za siri. Nilifundishwa kuivuta ngozi iliyo chini ya pete, juu na chini, kila baada ya saa chache, ili isiwe ngozi ile ile inayobanwa mchana kutwa. Ni kazi isiyopendeza kwa muuguzi wala kwa mgonjwa, na kwa sababu hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa.

Nami niliwahi kuruka yangu. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja mpole asiyelalamika, mguu wake umelazwa kwenye fremu, na kwa siku mbili za zamu yangu niliangalia kamba, uzito na matofali, vyote vikiwa sawasawa kabisa. Sikuangalia kwamba mguu ulikuwa umejizungusha kwa nje na kulalia ukingo wa fremu, chini kidogo ya goti. Hapo ndipo neva niliyoitaja huzunguka shingo ya ule mfupa mwembamba wa nje, ikiwa imefunikwa na ngozi tu, bila nyama ya kuikinga. Asubuhi ya siku ya tatu nilimwomba ainue wayo. "Mwanangu, nainua," alinijibu, na wayo haukutikisika. Alitumia miezi mingi akitembea na kifaa cha plastiki ndani ya kiatu ili vidole visiburuzike, na neva yake ilirudi kwa sehemu tu. Tangu siku hiyo ukaguzi wangu wa traksheni huanzia vidoleni: inua wayo, shusha, unahisi ninapogusa hapa kati ya kidole gumba na cha pili? Kamba hufuata baadaye.

Ni haki pia kusema kwamba sehemu kubwa ya traksheni imekwisha kazi yake. Daktari Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kupigilia msumari mrefu ndani ya uboho wa paja mwaka 1939, na palipo na daktari bingwa, vyuma na chumba safi cha upasuaji, mtu aliyevunjika paja husimama kwa magongo baada ya siku chache badala ya kulala wiki 6 hadi 12 akipoteza misuli, akipata vidonda vya kulalia na kuganda damu kwenye mishipa ya mguu. Sioni fahari yoyote katika kuienzi traksheni mahali ambapo msumari unapatikana. Hata ule mtindo wa kumfunga kilo mbili tatu kila mzee aliyevunjika nyonga huku akisubiri upasuaji umepimwa katika tafiti kadhaa, na zilipowekwa pamoja hazikuonyesha kwamba unampunguzia maumivu. Kinachobaki ni watoto wadogo, wanaosubiri upasuaji kwa muda mrefu, baadhi ya majeraha ya shingo, na sehemu ambazo msumari haujafika, ambazo bado ni nyingi.

Vifaa vya kushikilia, yaani magango, breisi (vifaa vigumu vinavyovaliwa mwilini na kuvuliwa) na plasta ya jasi, hudanganya zaidi kuliko kamba na uzito kwa sababu havionekani kufanya kazi. Kumbe navyo vinasukuma. Chukua kijiti ukivunje kwa goti: mikono miwili inavuta ncha upande mmoja, goti linasukuma katikati kutoka upande wa pili. Breisi inayonyoosha au kuzuia kitu chochote hutumia nukta hizo tatu, na fundi anayeipima huanza kwa kujiuliza ziko wapi. Sehemu nyingine ya kifaa ni daraja tu la kuziunganisha. Ndiyo maana plasta iliyozungushwa duara kamili, nene na nzuri machoni, inaweza kuuacha mfupa ukipinda ndani yake, ilhali plasta nyembamba iliyofinyangwa kwa viganja katika nukta tatu sahihi ikaushika. Na ndiyo maana wekundu unaobaki baada ya kuvua breisi si jambo la kuogopesha ukiwa mahali palipokusudiwa na ukafifia baada ya dakika 20 hivi. Wekundu mahali pengine, au usiofifia, unamaanisha kifaa kirudi kwa fundi.

Mfano ninaoupenda ni mgongo uliopinda kando kwa vijana wanaokua. Walter Blount na Albert Schmidt walibuni mwaka 1946 breisi iliyoitwa Milwaukee, yenye vyuma vinavyopanda kutoka nyonga hadi pete ya shingoni, na msichana aliyeivaa hakuweza kuificha chini ya nguo yoyote. Zilizofuata ni za plastiki, zinaishia chini ya makwapa, zikisukuma ubavu uliotokeza na kuacha nafasi tupu upande wa pili ili mwili upate pa kuhamia. Nafasi hiyo tupu ni muhimu sawa na sponji inayosukuma, na fundi asiye makini huijaza akidhani anamwongezea mtoto raha. Kwa miaka mingi watu walibishana kama breisi hizi zinasaidia kweli, mpaka utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulipoonyesha kwamba asilimia 72 ya waliovaa walifika mwisho wa kukua bila mpindo kufikia nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Ndani ya breisi zile kulikuwa na kipima joto kilichorekodi saa za kuvaliwa, na walioivaa kwa wastani wa takribani saa 13 au zaidi kwa siku walifanikiwa katika kesi 9 kati ya 10. Soma pia upande wa pili wa hesabu hiyo: karibu nusu ya wasiovaa kitu nao hawakuharibika. Mzazi anastahili kuambiwa yote mawili kabla hajaanza vita vya kila usiku na kijana wa miaka 13.

Kwa watoto wenye nyayo za kupinda wanaotibiwa kwa njia ya Ignacio Ponseti, plasta za kila wiki hurekebisha wayo kwa miezi miwili hivi, lakini viatu vilivyounganishwa kwa fito huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa usingizi hadi mtoto afikishe miaka 4 au zaidi. Nyayo zinazorudi kupinda, mara nyingi sana, ni za watoto ambao viatu vile viliishia uvunguni. Kola ngumu ya shingo nitaipitia haraka: ivuliwe mara tu daktari anaporidhika kwamba shingo haikuvunjika, kwa maana kidevu na kisogo havichukui siku nyingi kutoboka.

Nilipohamia chumba cha upasuaji nilidhani nimeachana na mambo haya. Nilikuta kwamba kumlaza mgonjwa juu ya meza ni traksheni na breisi kwa pamoja, tena kwa mtu aliyelala usingizi wa dawa asiyeweza kusema "hapo panauma". Mkono ukitandazwa kando usizidi nyuzi 90 kutoka mwilini, la sivyo mafundo ya neva yaliyo kwapani hunyooshwa. Kiwiko kitandikwe sponji, kwa sababu neva ya kidole cha mwisho imepita juu ya mfupa pale pale unapojigonga ukashtuka kama umepigwa na umeme. Anayelazwa ubavu huwekewa mto chini ya kwapa, na nasema chini, upande wa mbavu, kwani ukiwekwa ndani ya kwapa unabana kile kile kilichokusudiwa kukingwa.

Anayelazwa kifudifudi kwa upasuaji wa uti wa mgongo ndiye anayenifanya nichelewe kumruhusu daktari aanze. Meza yake ina sponji za kifua na za nyonga, na tumbo huachwa lining'inie huru. Tumbo likibanwa, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni hubanwa nalo, damu hutafuta njia ya kurudi kupitia mishipa iliyozunguka uti wa mgongo, na daktari huanza kulalamika kwamba leo mgonjwa anavuja sana. Nimeona malalamiko hayo yakiisha kwa kusogeza sponji sentimita 5. Macho nayo hukaguliwa na mtaalamu wa usingizi kila baada ya muda, kwa kioo au kwa kidole, yasiguse kitu.

Kwa nyonga na paja kuna meza maalumu ya kuvutia. Miguu hufungwa kwenye viatu vya chuma vinavyovutwa kwa skrubu, na kati ya mapaja husimama nguzo iliyofungwa sponji ambayo humzuia mgonjwa asivutwe mzima mzima. Ni jibu lile lile la pete ya Thomas, na madhara yake ni jamaa: nguzo hugandamiza msamba, na mgonjwa anaweza kuamka na ganzi ya sehemu za siri inayochukua wiki au miezi kuondoka, jambo ambalo wengi huona haya kulitaja hata wakiulizwa. Nguzo nene, sponji nyingi, mvuto wa nguvu kwa dakika zinazohitajika tu kisha skrubu ilegezwe. Hayo hupunguza madhara bila kuyafuta.

Kisha ilikuja meza isiyo na nguzo, kwa ajili ya upasuaji wa kamera ndani ya nyonga. Nilipoiona mara ya kwanza nilizunguka nikitafuta kinachomzuia mgonjwa. Mgongo wake mtupu ulilazwa juu ya sponji yenye mshiko mkali, meza ikainamishwa upande wa kichwa kwa nyuzi chache, basi. Msuguano wa mgongo mzima na uzito wa kiwiliwili vilishika kile ambacho nguzo moja ilikuwa ikikishika kwenye kinena. Nilikumbuka matofali, na mama aliyekunja shuka. Daktari alipouliza kama tuko tayari nilimwomba dakika moja, nikapitisha kiganja chini ya mgongo, nikakuta upindo wa gauni umebaki chini ya bega la kulia, tukamwinua tena na kuutoa.